Bei ya kiatu ilikuwa imewekwa wapi? Jinsi tovuti zinavyokumbuka malipo yako

"Pesa yangu mmekula." Hayo ndiyo maneno ya kwanza ambayo mwenzetu wa huduma kwa wateja alisikia alipopokea simu Jumatatu moja asubuhi. Aliyepiga ni mama anayeuza viatu vya mitumba, vile vya daraja la kwanza, na miezi michache kabla ya hapo alikuwa ametengenezewa tovuti ya kuuzia. Wikendi hiyo alikuwa ameuza jozi sita. Tovuti ilionyesha oda zote sita zimelipwa, kwa rangi ya kijani kabisa. Jamaa wa boda alikuja, akabeba, akaenda zake. Kila jozi ilikuwa ya shilingi 3,500, kwa hivyo alifaa kuona 21,000 kwenye till yake. Alikuwa na 60.

Shilingi sitini, si elfu sitini. Kumi kumi mara sita.

Tulifungua kumbukumbu zetu tukaangalia. Malipo sita yalikuwepo, kila moja la bob 10. Tovuti ilikuwa imetuomba tupeleke ombi la shilingi 10 kwa namba fulani, mwenye namba akaweka PIN, na shilingi 10 zikaingia kwa till. Mfumo ulifanya kile ulichoambiwa. Mama alipompigia kijana aliyemtengenezea tovuti, alijibiwa, "Mama, tovuti iko sawa, haijaharibika." Naye akamwuliza, "Kama iko sawa, viatu vyangu viko wapi?"

Wote wawili walikuwa na haki. Tovuti haikuwa imeharibika, na hakuna aliyeiba nenosiri la mtu. Kilichotokea ni kwamba bei ya kiatu ilikuwa imehifadhiwa mahali ambapo mteja angeweza kuifikia. Tumeamua kulieleza jambo hili kwa kina kwa sababu linamhusu anayeuza na anayelipa pia. Kila ukilipa kwa simu kupitia tovuti, kuna mtu aliyekaa chini akaamua bei, namba yako na jina lako vitawekwa wapi.

Tovuti husahau haraka

Kuna jambo kuhusu intaneti ambalo hushangaza wengi: seva inayokuletea kurasa haikujui. Ukifungua ukurasa wa kwanza, inakutumia. Ukibonyeza wa pili, inakutumia pia, lakini haijui kwamba ni wewe yule yule wa dakika iliyopita. Ni kama muuza duka anayegeuka kuchukua sukari kwa rafu, na akirudi kukutazama anauliza, "Nikusaidie?" HTTP, ile lugha ambayo brauza na seva huzungumza, iliundwa hivyo, na hilo linaifanya iwe nyepesi.

Ukiwa unasoma habari tu, si tatizo. Ukiwa unanunua, ni balaa. Umechagua kiatu, saizi, mahali pa kuletewa na namba ya kulipia. Lazima kuwe na pahali ambapo vitu hivyo vinangoja wakati unatoka ukurasa mmoja kwenda mwingine. Waundaji programu huita kila kitu kama hicho kigeu, kwa sababu thamani yake hugeuka: saizi ni 40 kwako, 42 kwa mwingine. Swali lao la kila siku ni, hiki kigeu nikiweke wapi?

Swali lenyewe ni la zamani. Mwaka 1994 kampuni ya Netscape ya Marekani, iliyokuwa ikitengeneza brauza, ilikuwa na kazi ya duka la mtandaoni kwa ajili ya kampuni ya simu ya MCI. MCI haikutaka seva zake zijazwe na mambo ya watu ambao hawajamaliza kununua. Mhandisi mmoja wa Netscape, Lou Montulli, akaja na wazo: brauza ya mteja yenyewe ibebe kijikaratasi, na kila inaporudi dukani ikionyeshe. Hivyo ndivyo vidakuzi vilivyozaliwa, ambavyo wengi tunaviita kuki. Kile kitufe cha "Kubali vidakuzi" ambacho unabonyeza bila kusoma (usikatae, hata sisi tunafanya hivyo) kina asili yake kwenye kikapu cha duka.

Tangu wakati huo sehemu za kuweka vitu zimeongezeka. Kigeu kinaweza kuandikwa kwenye linki yenyewe, yale maneno marefu yanayofuata alama ya kuuliza pale juu. Kinaweza kufichwa ndani ya ukurasa. Kinaweza kukaa kwenye kidakuzi, ambacho hubeba takriban baiti 4,096 tu, kama kurasa mbili za daftari. Kinaweza kukaa kwenye hifadhi ya brauza, ambayo ni kubwa zaidi, kwa kawaida megabaiti 5 hivi kwa kila tovuti. Sehemu moja ya hifadhi hiyo hufutika ukifunga ukurasa, na nyingine hubaki hadi mtu aifute. Ama kigeu kinaweza kukaa kwa mwenye duka mwenyewe, kwenye kumbukumbu ya seva yake au kwenye hifadhidata.

Zote hizo ni sehemu halali. Tofauti ni nani ana ufunguo. Zile nne za kwanza ziko mikononi mwako wewe mteja, ndani ya simu au kompyuta yako. Zile mbili za mwisho ziko kwa mwenye duka.

Bei ikikaa kwa mteja

Sasa turudi kwa viatu. Yule kijana alikuwa ameandika bei ndani ya ukurasa, kwenye sehemu ambayo haionekani kwa macho. Mnunuzi akibonyeza "Lipa", brauza ilituma kwa seva vitu vitatu: namba ya kiatu, namba ya simu, na bei. Seva ilipokea bei hiyo bila kuuliza, ikatuletea sisi, nasi tukaomba kiasi hicho kwa simu ya mnunuzi.

Lakini kufichwa si kufungwa. Brauza yoyote ya kompyuta ina vifaa vya kuangalia ukurasa umeandikwaje, na hata kuubadilisha kabla haujarudi kwa seva. Vifaa hivyo si vya wezi, vimewekwa hapo kwa ajili ya watengenezaji. Mtu mmoja alivifungua, akaona 3500, akaandika 10. Hiyo tu. Halafu akarudia mara tano zaidi, maana alipata inafanya. Ni kama duka ambalo bei zimeandikwa kwa penseli, na kila mteja anayeingia anapewa ufutio mlangoni.

Ilivyofaa ni brauza itume namba ya kiatu na saizi pekee. Bei seva inaijua. Iende yenyewe kwa hifadhidata yake, iisome, na itume hiyo. Na hata kama bei ya uongo ingepenya, kulikuwa na nafasi ya pili ya kuikamata. Malipo yakikamilika, sisi hupeleka ujumbe kwa seva ya duka kusema ni kiasi gani kimelipwa. Tovuti ile iliona tu neno "imefaulu" ikapaka oda rangi ya kijani. Haikujishughulisha kulinganisha 10 na 3,500. Mistari michache ya programu ingetosha.

Linki ni wazi hata zaidi, kwa kuwa hapo huhitaji kifaa chochote, unabadilisha kwa kidole. Mwaka 2011 watu waliingia kwenye tovuti ya kadi ya benki ya Citigroup kama wateja wa kawaida, wakagundua kwamba namba ya akaunti iko pale kwenye anwani. Walipoandika namba nyingine, wakaona akaunti ya mtu mwingine. Wakaandika programu ya kurudia hivyo maelfu ya mara. Akaunti zilizoguswa zilikuwa zaidi ya 360,000, Amerika Kaskazini. Benki kubwa hivyo, na mlango wenyewe ulikuwa ni tarakimu kwenye linki.

Na tusijifanye watakatifu. Sisi wenyewe, siku za mwanzo, tulikuwa na ukurasa wa risiti ambao linki yake iliishia na namba zinazofuatana. Mteja mmoja alitupigia, kwa upole sana, kutuambia kwamba alibadilisha tarakimu ya mwisho akaona risiti ya mtu asiyemjua: jina, namba ya simu, na alicholipia. Hakuna pesa iliyopotea, lakini hebu fikiria kama ni risiti ya kliniki. Tuliufunga ukurasa siku hiyo hiyo. Siku hizi ukitaka risiti lazima kwanza uingie kwa akaunti yako, na seva huangalia kama risiti hiyo ni yako kabla ya kukuonyesha, hata linki iandikwe vipi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatutaka tulinde jina na namba ya mteja, lakini kusema kweli aibu ya simu ile ndiyo iliyotufundisha zaidi.

Namba ya plastiki pale supamaketi

Kama bei na salio havifai kukaa kwa mteja, seva itajuaje ni wewe unaporudi? Jibu unalijua tayari, ila hujawahi kuliita kwa jina lake.

Ukiingia supamaketi na begi, unaliacha pale mlangoni na mlinzi anakupa kibati cha plastiki chenye namba, tuseme 47. Begi linabaki kwa rafu. Wewe unatembea na kibati. Mtu akikiona hajui kama ndani ya begi kuna laptopu au sukuma wiki. Ukitoka, unarudisha 47, unapewa begi.

Tovuti nzuri hufanya hivyo. Ukishaingia kwa akaunti, seva inatunga namba ndefu ya kubahatisha, ndefu kiasi kwamba huwezi kuikisia kama vile ungekisia 48. Mambo yako yote yanabaki kwa rafu yake, chini ya namba hiyo. Brauza yako inapewa namba peke yake, ndani ya kidakuzi. Kipindi hicho kati ya kuingia na kutoka huitwa sesheni. Ukijaribu kubadilisha namba, unapata namba isiyo na begi. Huwezi kujiandikia salio, kwa sababu salio haliko kwako.

Lakini uzuri wa kibati ndio pia hatari yake: mlinzi haangalii sura, anaangalia plastiki. Aliye na kibati ndiye mwenye begi.

Mwezi wa Oktoba 2010 mtaalamu wa programu Eric Butler alitoa kifaa kinachoitwa Firesheep ili kuaibisha kampuni za mtandao. Ukiwa kwenye Wi-Fi ya wazi, Firesheep ilikuonyesha vibati vya watu wengine walio hapo, kwa sababu tovuti nyingi wakati huo zilikuwa zinavipeleka bila kuvifunga. Ukibonyeza jina la mtu, unaingia kwa akaunti yake bila nenosiri lolote. Kelele zilikuwa nyingi, na Januari 2011 Facebook ikawapa watumiaji wake nafasi ya kuchagua muunganisho uliofungwa muda wote. Siku hizi ni kawaida. Ndiyo maana tunasema angalia anwani ianze na https kabla ya kuandika chochote kinachohusu pesa. Haikuhakikishii kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu, inakuhakikishia tu kwamba aliyeketi meza ya pili haoni kibati chako.

Hapa kwetu hata hivyo, kibati hupotea zaidi kwa njia ya kawaida kabisa, nayo ni saiba. Mtu anaenda kuchapisha stakabadhi, anaingia kwa akaunti yake, anamaliza, analipa bob 20, anafunga dirisha na kuondoka. Kufunga dirisha si kurudisha kibati. Kuna tovuti ambazo kidakuzi chake huishi wiki nzima. Anayekaa kwa kiti hicho baada yako anafungua ukurasa, na anapokewa kwa jina lako. Kwa hivyo ukiwa kwa kompyuta isiyo yako, tafuta neno "Toka" au "Ondoka" ulibonyeze, maana hapo ndipo seva yenyewe inapoivunja ile namba. Ukiweza, tumia Hali Fiche tangu mwanzo, na ufunge madirisha yake yote ukimaliza.

Njia nyingine ni WhatsApp. Tovuti chache, hasa zilizojengwa kwa haraka, huweka namba ya sesheni kwenye linki. Unaona kitu kizuri, unamtumia rafiki linki, na bila kujua umemtumia kibati chako. Ukiwa umeingia kwa akaunti na linki ya ukurasa ni ndefu ajabu, yenye herufi na tarakimu zisizosomeka, usiisambaze kwa kundi. Tuma jina la bidhaa, watatafuta wenyewe.

Halafu kuna swali moja tunaloulizwa karibu kila wiki: "Mbona mnanitoa kila nikikaa kidogo?" Tunajua inakera, hasa ukiwa umeenda kutoa chai kwa jiko na ukirudi unaulizwa nenosiri tena. Lakini begi lenye pesa zako haliwezi kukaa kwa rafu siku nzima likingojea yeyote atakayeleta 47. Tovuti ya habari ikukumbuke mwezi mzima, hakuna neno. Yetu tumeamua kwamba muda ukipita bila wewe kufanya kitu, namba inavunjwa. Tumebishana sana humu ndani juu ya urefu wa muda huo, na bado kuna wenzetu wanaosema ni mfupi mno. Tungependelea ukasirike nasi kidogo.

Ujumbe wa malipo hupitia mlango mwingine

Kuna lalamiko jingine ambalo huja mara nyingi kuliko lile la viatu: "Nimelipa, meseji nimepata, lakini tovuti inasema sijalipa." Mara nyingi chanzo chake ni swali lile lile la kigeu kimewekwa wapi, ila hapa hakuna mwizi. Ni fundi tu aliyesahau kwamba malipo ya simu yana milango miwili.

Ukibonyeza "Lipa", tovuti inatuma ombi na kupewa namba ya ombi papo hapo. Namba hiyo si malipo. Ni kusema tu tumekusikia. Kisha lile ombi la PIN linaruka kwa skrini ya simu yako. Unaweka PIN, au unakataa, au simu inazima chaji. Matokeo yakijulikana, hayapitii kwa brauza yako. Yanatoka kwa seva ya malipo moja kwa moja hadi kwa seva ya duka, nyuma ya pazia. Kwenye Daraja, ule mfumo wa M-Pesa wa kuunganisha programu na malipo, matokeo yakiwa 0 pesa imelipwa, na yakiwa 1032 mteja ameghairi.

Sasa ona shida. Fundi wengi huweka oda yako yote, viatu, saizi, mahali pa kuleta, ndani ya sesheni yako. Wakati wa kujaribu inafanya vizuri. Lakini ujumbe wa matokeo unapobisha hodi kwa seva, haujabeba kibati chako. Kibati kiko kwa brauza yako, na brauza yako haikuhusika. Seva inaulizwa, "Oda hii imelipwa," nayo inatazama rafu bila kujua ni begi la nani. Kama mteja bado yuko kwa ukurasa, pengine mambo yatajipanga. Kama alifunga ukurasa ili aone ombi la PIN, au alikuwa analipa kwa simu ya bwanake, pesa imetoka na oda haipo.

Dawa yake ni oda iandikwe kwenye hifadhidata kabla ombi halijatumwa, pamoja na ile namba ya ombi. Matokeo yakija, yanakuja na namba hiyo hiyo, na seva inajua mara moja ni oda gani. Na kama matokeo yakija mara mbili, hali ambayo mtandao ukisumbua hutokea, seva inaona tayari imeandikwa na haitumi viatu mara ya pili. Ule ukurasa wa "Asante kwa kulipa" ambao mteja huona mwishoni ni wa kumfurahisha tu. Tumeona maduka ambayo oda inakuwa imelipwa kwa kufungua tu linki inayoishia na neno la kufaulu. Yeyote anaweza kuiandika linki hiyo bila kutoa hata shilingi.

Wewe unayelipa, ikikupata hali hii, tafadhali usilipe mara ya pili. Iweke meseji ya malipo usiifute. Ule msimbo wa herufi na tarakimu ulio mwanzoni mwa meseji unatosha kwa duka au kwetu kufuatilia pesa ilikoenda. Meseji ikiwa haijafika, angalia salio lako kwanza kabla ya kujaribu tena.

Si kila kitu kikae kwa seva

Baada ya kisa cha viatu yule kijana aliogopa, akahamisha kila kitu kwa seva, hadi chaguo la lugha na kikapu cha mtu ambaye bado anaangalia-angalia. Hapo alipita mpaka. Kila kitu kikienda kwa seva, kila kubonyeza ni safari, na kila safari ni bando. Ukiwa kwa matatu na mtandao unakatika ukishuka bondeni, fomu uliyojaza nusu inapotea yote.

Vitu ambavyo ukivibadilisha unajidanganya mwenyewe, acha vikae kwa mteja. Kiswahili au Kiingereza, rangi ya skrini, fomu ambayo haijakamilika, kikapu cha viatu vitatu unavyofikiria. Mteja akijiongezea kiatu cha nne kwa ujanja, sawa tu, atakilipia. Ila hata hapo kuna sharti. Ile hifadhi kubwa ya brauza husomwa na programu ndogo yoyote inayoendeshwa ndani ya ukurasa, ikiwemo ya matangazo au ya kisanduku cha gumzo ambayo mwenye duka alibandika bila kufikiria sana. Moja ikiwa mbovu, inasoma kila kitu. Ndiyo maana kibati cha sesheni ni afadhali kikae kwenye kidakuzi chenye alama ya HttpOnly, ambacho programu za ukurasa haziwezi kukisoma, na chenye alama ya Secure, ili kisipelekwe kwa njia isiyofungwa. Namba ya kitambulisho cha taifa isikae huko. PIN nayo haina nafasi popote pale, si kwa linki, si kwa ukurasa, si kwa hifadhidata ya duka. PIN unaiweka kwenye lile ombi la simu yako tu. Tovuti ikikuonyesha kisanduku ikisema andika PIN yako ya M-Pesa hapa, funga uende.

Watu wa kabambe wanaweza kucheka, kwa sababu haya yote hayawahusu sana. Ukipiga namba ya nyota na reli, simu yako haihifadhi chochote. Kila jibu, 1, halafu 2, halafu 500, linaenda kwa mfumo, na mfumo ndio unaokumbuka uko hatua gani, chini ya namba ya sesheni ambayo huishi dakika chache tu. Ndiyo maana ukikawia unarudishwa mwanzo. Unakasirika, lakini hakuna anayeweza kuokota kabambe yako kesho akaendelea pale ulipoachia.

Ukiwa na duka

Kama una tovuti ya kuuzia, huhitaji kujua kuandika programu. Muulize fundi wako: bei inatoka wapi mteja akibonyeza "Lipa"? Akikuambia inatoka kwa ukurasa, mwambie airekebishe kabla hujamlipa salio lake. Muulize kama seva hulinganisha kiasi kilicholipwa na kile cha oda. Muulize mteja akifunga ukurasa katikati ya malipo, oda inaenda wapi. Halafu mwambie akae mbele yako ajaribu kununua bidhaa yako ya 3,500 kwa bob 10. Fundi mzuri hatakasirika. Wengine watalifurahia jaribio lenyewe.

Na kabla ya kumpa boda mzigo, usiamini rangi ya kijani ya tovuti peke yake. Fungua meseji ya till au taarifa yako ya malipo, uone kiasi kwa macho yako. Kwa oda tatu kwa siku, ni dakika moja.

Mama wa viatu hakuyapata yale sita. Namba iliyolipa ilikuwa imezimwa, na boda alikuwa ameachia mzigo kando ya barabara kwa kijana aliyesema ametumwa. Tulimwandikia taarifa ya malipo yote sita akaipeleka kwa polisi. Tovuti ilirekebishwa kwa siku moja, na yule kijana aliifanya bila kumtoza. Siku hizi kiasi kisipolingana oda inakuwa nyekundu na haisongi. Wiki tatu baadaye ilikuja moja hivyo, kiatu cha 4,200, malipo shilingi 20. Alitupigia tena, safari hii anauliza kama lazima arudishe hizo ishirini. Tulimwambia ndiyo, arudishe.